Nchi Zimesamehewa, Tiketi Hazikusamehewa

Januari 2027 mpango wa dunia wa kufidia hewa ukaa inayotokana na safari za ndege za kimataifa, unaojulikana kwa jina la CORSIA, unaingia awamu ya lazima. Mkutano Mkuu wa 42 wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), uliomalizika Montreal mwanzoni mwa Oktoba 2025, haukuugusa msingi wake. Huku kwetu habari hiyo ilipita bila kelele, na sababu inaeleweka: nchi zenye maendeleo duni zaidi, visiwa vidogo na nchi zisizo na bahari zimesamehewa awamu hiyo ya lazima, isipokuwa zikijitolea zenyewe. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ya Kinshasa zote zinastahili msamaha huo. Basi wengi, wakiwemo waliopaswa kujua zaidi, wamehitimisha kwamba hili ni jambo la Ulaya, Marekani na Ghuba, wenye ndege nyingi. Hitimisho hilo si sahihi, na litatugharimu. Ushirikiano wa sekta ya anga kuhusu kaboni umekuwa mfumo wa kugawana bili na mapato. Bili tumeshaanza kuilipa, kwa sababu inasafiri ndani ya tiketi na ndani ya tangi la mafuta. Mapato ndiyo tunayaacha mezani, kwa kuwa kila nchi ya ukanda huu inaingia kwenye mazungumzo peke yake, au haiingii kabisa.

Ili kuelewa tulivyofika hapa, ni vizuri kukumbuka kwamba ushirikiano huu ulizaliwa na ugomvi. Itifaki ya Kyoto ya 1997 haikuhesabu hewa ukaa ya safari za kimataifa ndani ya ahadi za nchi yoyote. Kazi hiyo ilikabidhiwa ICAO, na kwa zaidi ya muongo mmoja hapakuwa na la maana lililofanyika. Mwaka 2012 Umoja wa Ulaya ulichoka kusubiri, ukaingiza safari za ndege kwenye soko lake la kaboni, zikiwemo za mashirika ya nje yanayotua na kuruka Ulaya. Marekani, China, India na Urusi zilipinga vikali. Marekani ilitunga hata sheria ya kuyazuia mashirika yake yasitii. Novemba mwaka huohuo Ulaya ikasitisha utekelezaji kwa safari za kwenda na kutoka nje ya eneo lake, kwa sharti kwamba ICAO ilete mpango wa dunia nzima. Oktoba 2016 CORSIA ikapitishwa. Mwaka 2021 mashirika ya ndege yenyewe, kupitia chama chao cha IATA kilichokutana Boston, yaliahidi kufikisha uzalishaji wa hewa ukaa, baada ya kuondoa kilichofidiwa, kwenye sifuri ifikapo 2050, na mwaka uliofuata serikali zikakubaliana na lengo hilohilo. Tishio la 2012 halijafutika. Sheria ya Ulaya imeweka Julai 2026 kuwa wakati wa kutathmini kama CORSIA inafanya kazi, na ikionekana haitoshi, mlango upo wazi wa kurudisha soko la Ulaya kwa safari zote zinazoondoka huko. Atakayedhani kwamba sheria hizi zimetulia hajafuatilia zilivyotungwa.

Sasa tuangalie msamaha wenyewe. CORSIA inaangalia njia ya ndege, haiulizi shirika ni la nani. Njia inahesabiwa iwapo nchi zote mbili, ya kuondokea na ya kufikia, zinashiriki; na ikihesabiwa, kila shirika linaloruka hapo linahesabiwa, isipokuwa madogo sana ambayo safari zao za kimataifa hazifikishi tani 10,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Kenya, Uganda na Rwanda zilijiunga kwa hiari tangu awamu ya majaribio. Kwa hiyo ndege inayotoka Nairobi kwenda London au Entebbe kwenda Amsterdam imo ndani, na gharama yake inamfikia abiria awe ametokea Kampala, Bukavu au Arusha. Kiwango cha kupimia ni asilimia 85 ya uzalishaji wa sekta nzima mwaka 2019. Kinachozidi hapo ndicho kinachofidiwa kwa kununua krediti za kaboni, yaani vyeti vya tani za hewa ukaa zilizopunguzwa au kuzuiwa mahali pengine.

Hapa pana jambo ambalo sijaona likijadiliwa kwa Kiswahili, nalo linanigusa kuliko mengine. Hadi 2032 hesabu haipimi ukuaji wa shirika moja moja. Inapima ukuaji wa sekta nzima, kisha kila shirika linafidia asilimia ileile ya uzalishaji wake. Maana yake ni kwamba shirika lililosimama palepale, au lililopunguza ndege kwa sababu ya madeni, linachangia kulipia ukuaji wa shirika lililonunua ndege mpya mia moja. Ni rahisi kuliita hilo dhuluma na kuishia hapo. Lakini upande wa pili una hoja nzito: hesabu ya shirika moja moja ingewaumiza wanaoanza. Shirika la Tanzania au la Rwanda lililoanza na ndege chache na sasa linafungua njia mpya lingeonekana kwenye karatasi kama mchafuzi anayekua kwa kasi ya kutisha, ilhali mashirika ya zamani ya Ulaya yaliyokwisha kukua tangu miaka ya sabini yangeponyoka bila kulipa. Nikipima mawili hayo, naona hesabu ya pamoja ilikuwa afadhali kwetu kwa sasa. Tatizo ni kwamba kuanzia 2033 asilimia 15 ya hesabu itakuwa ya shirika lenyewe, na mashirika ya Afrika Mashariki yanaweza kufika mwaka huo yakiwa katikati ya ukuaji. Hilo ndilo la kupeleka Montreal kwa sauti moja, mapema, kabla ya mapitio yajayo ya mpango.

Nje ya CORSIA kuna bili ya pili, ambayo haina msamaha kwa nchi maskini. Tangu Januari 2025, wauzaji wa mafuta kwenye viwanja vikubwa vya Umoja wa Ulaya wanatakiwa kuchanganya angalau asilimia 2 ya mafuta endelevu ya ndege, yaani yale yasiyotokana na petroli. Kiwango kitapanda hadi asilimia 6 mwaka 2030, 20 mwaka 2035, na 70 mwaka 2050. Uingereza nayo ilianza na asilimia 2 mwaka huohuo na inalenga 10 ifikapo 2030. Mafuta hayo bei yake ni mara mbili hadi tano ya mafuta ya kawaida. Je, shirika linaweza kujaza tangi Nairobi ili likifika Amsterdam lisinunue? Ulaya ililiona hilo, ikaweka sharti kwamba shirika linunue palepale uwanjani angalau asilimia 90 ya mafuta linayohitaji kwa mwaka kwa safari zinazoanzia hapo. Kwa hiyo mfanyabiashara wa maua wa Naivasha, mtalii anayekuja Zanzibar, na mwanafunzi anayerudi likizo kutoka Ujerumani, wote wameshaingia kwenye mchango huu. Ni kidogo leo. Kwa ratiba niliyoitaja, hautabaki kidogo.

Hoja inayosikika zaidi dhidi ya kushiriki ni ile ya haki: Afrika ina karibu mtu mmoja kati ya watano duniani lakini ina asilimia 2 tu hivi ya usafiri wa anga, basi tuachwe kwanza tukue. Takwimu hizo ni za kweli, na madai ya haki yaliyomo ni ya kweli pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba mwaka 2018 ni kama asilimia 11 tu ya watu duniani waliopanda ndege, na kwamba asilimia 1 ya watu wote, wale wasafiri wa mara kwa mara, ndio waliosababisha nusu ya hewa ukaa ya ndege za abiria. Lakini kutokana na ukweli huo watu wanaruka hadi kwenye hitimisho lisilofuata, kwamba tukikaa pembeni tutaachwa. Nani atatuacha? Sheria ya mafuta ya Ulaya haihitaji saini yetu. Njia ya Nairobi–London haihitaji ridhaa ya abiria wa Goma. Madai ya haki yana nguvu yanaposemwa na aliyeko mezani na mwenye orodha ya anachotaka. Yakisemwa kutoka nje yanabaki malalamiko. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote zinazotolewa kwetu, na inasikitisha kwamba ndiyo inayopigiwa makofi.

Hoja ya upande wa pili, ile ya matumaini, nayo ina hatari zake. Inasema dunia inahitaji mafuta endelevu, sisi tuna ardhi, jua na mbegu, basi neema inakuja. Mahitaji ni ya kweli kabisa. IATA inategemea mafuta haya yafanye asilimia 65 ya kazi ya kufika sifuri ifikapo 2050, ilhali uzalishaji wa dunia mwaka 2024 ulikuwa kama tani milioni moja, sawa na asilimia 0.3 tu ya mafuta yote ya ndege. Kitaalamu hayana muujiza: yakiungua yanatoa hewa ukaa kama mafuta mengine, takriban tani 3.16 kwa kila tani moja. Nafuu yake ni kwamba kaboni hiyo ilivutwa kutoka hewani na mmea kwanza, au inatokana na taka ambayo ingeoza au kumwagwa. Kwa hiyo faida yote ipo kwenye chanzo, na chanzo kikiwa kibaya hakuna faida iliyobaki.

Kuhusu chanzo, ukanda huu una kumbukumbu chungu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Desemba 2008 Air New Zealand ilirusha Boeing 747 ikitumia kwenye injini moja mchanganyiko wenye mafuta ya mbono kaburi, na sehemu ya mbegu hizo ilitoka Malawi, Msumbiji na Tanzania. Miaka hiyo mbono ulisifiwa kama mmea unaostawi penye ukame, usiohitaji shamba zuri. Kisarawe, kampuni ya kigeni ilipata zaidi ya hekta 8,000 za ardhi za vijiji; Kilwa, nyingine ilipewa eneo kubwa kuliko hilo. Kabla ya 2012 zote mbili zilikuwa zimeanguka. Mmea ulizaa vizuri pale tu ulipopata udongo mzuri na maji, yaani palepale panapolimwa mahindi. Ardhi iliyokuwa ya kijiji ilikuwa imeshabadilishwa hadhi kisheria, na wanakijiji walibaki na ahadi za visima na zahanati. Na Julai 2024 Air New Zealand ileile iliachana na lengo lake la kaboni la 2030, ikitaja ndege mpya zinazochelewa pamoja na uhaba na bei ya mafuta mbadala. Silitaji kuwalaumu, kutangaza wazi kwamba lengo halifikiki ni ungwana kuliko kunyamaza. Nalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi ahadi ya mwenye ndege inavyoweza kubadilika huku ya mwenye shamba ikiwa imeshatekelezwa.

Linganisha na Makueni. Tangu 2022 mji wa Wote una kiwanda cha Eni, kampuni ya mafuta ya Italia, kinachokamua mbegu za mbarika, mti wa croton na pamba zinazonunuliwa kwa wakulima wadogo. Mfumo wake ni bora kuliko ule wa Kisarawe kwa jambo moja kubwa: mkulima anabaki na shamba lake. Mashudu yanabaki na yanaweza kutumika kama chakula cha mifugo au mbolea. Lakini mafuta yaliyokamuliwa hupakiwa Mombasa kwenda Gela, Sicily, na huko ndiko yanakogeuzwa kuwa bidhaa yenye thamani. Mei 2023 Kenya Airways ilirusha Dreamliner kutoka Nairobi hadi Amsterdam ikiwa na kiasi kidogo cha mafuta endelevu kilichotoka kwenye viwanda vya Italia, na tukashangilia, kwa haki, kwamba ni shirika la kwanza la Afrika kufanya hivyo kwa safari ndefu. Wakati huo kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilikuwa hakijasafisha pipa la mafuta ghafi tangu 2013, kikibaki matangi ya kuhifadhia. Mazungumzo ya kukigeuza kiwe cha mafuta ya mimea yamekuwapo kwa miaka kadhaa. Mbegu inatoka Ukambani, inasafishwa Sicily, kisha inarudi kama mafuta ya bei ya juu ambayo sheria inalilazimisha shirika letu kuyanunua Ulaya. Uchumi wa pamba na kahawa ulijengwa hivihivi. Na pasipo kiwanda cha kusafishia hapa kwetu, mkulima wa mbarika ana mnunuzi mmoja na bei moja. Akivuna kidogo kwa ukame hana pa kukimbilia.

Kuna malighafi nyingine tunayoidharau, nayo ni mafuta yaliyokwisha kutumika. Pita jioni kwenye vibanda vya chipsi vya Kariakoo, Eastleigh au Mwembe Tayari uangalie karai: mafuta yamekaangiwa tangu asubuhi, yamekuwa meusi, yanatoa povu, na kesho yataongezewa mapya juu yake. Mafuta hayo yanaumiza walaji, yakimwagwa yanaziba mitaro, ilhali ndiyo malighafi inayotafutwa kuliko zote na viwanda vya mafuta endelevu, kwa sababu haigombanii ardhi na chakula. Nairobi wapo wanaoyakusanya kutoka hotelini na kuyauza nje. Utaratibu wa manispaa wa kuyanunua kwa mama lishe na wakaanga chipsi kwa bei inayozidi faida ya kuyatumia tena ungelinda afya na kulisha kiwanda. Hapo ndipo ningeanzia, kabla ya kugusa hekta moja ya kijiji.

Upande wa krediti za kaboni nao unahitaji macho. Krediti ambazo shirika la ndege linaweza kuzitumia kwenye CORSIA lazima ziwe na barua ya idhini ya nchi zilikotoka. Barua hiyo ndiyo kiini cha biashara yote. Nchi ikishaitoa, tani iliyouzwa haiwezi tena kuhesabiwa kwenye ahadi yake yenyewe chini ya Mkataba wa Paris. Imekwenda na mnunuzi. Guyana ndiyo iliyotangulia, ikiwa na krediti za misitu takriban milioni 7 zilizotolewa mapema 2024, na kwa muda ilikuwa karibu peke yake sokoni. Sisi tuna misitu, mikoko na miradi ya majiko sanifu, tuna kanuni za biashara ya kaboni Tanzania tangu 2022 na Kenya tangu 2024, tuna kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kilichokosekana ni nidhamu ya kuuza. Nchi inayotoa barua kwa kila anayebisha hodi inafanana na mkulima anayeuza mahindi yote siku ya mavuno kwa bei ya mnunuzi, kisha Februari ananunua unga dukani. Tani rahisi kupunguza zitakuwa zimeshauzwa kwa mashirika ya ndege, na siku tutakapotakiwa kutimiza ahadi zetu wenyewe tutabaki na zile ghali.

Ukosoaji mzito zaidi wa mpango wote nauheshimu, na sina jibu kamili kwake: kufidia si kupunguza. Ndege iliyonunua krediti imechoma mafuta yaleyale. Ndege za haidrojeni ambazo Airbus ilitarajia kuziingiza sokoni 2035 zimeahirishwa. Kwa hiyo kwa miaka mingi ijayo sehemu kubwa ya kinachoitwa kupunguza itakuwa ni malipo. Ndiyo maana napenda kila hatua inayookoa mafuta yenyewe, hata iwe ndogo. Uwanja wa Moi, Mombasa, una paneli za jua za kama kilowati 500 zilizowekwa kwa mradi wa ICAO na fedha za Umoja wa Ulaya. Ndege ikiegeshwa, inachomekwa umeme na bomba la hewa ya ubaridi, rubani anazima ile injini ndogo ya mkiani ambayo vinginevyo ingeendelea kunguruma na kuchoma mafuta abiria wakishuka na wengine wakipanda. Mradi huo unakadiriwa kuzuia angalau tani 1,300 za hewa ukaa kwa mwaka. Umefanya kazi kwa miaka, na bado hatuna mpango wa kikanda wa kuufikisha Julius Nyerere, Entebbe na Kigali.

Njia za anga ni hivyohivyo, kwa kiwango kikubwa zaidi. Azimio la Yamoussoukro la kufungua anga ya Afrika ni la 1999, na soko moja la usafiri wa anga la bara lilizinduliwa Januari 2018. Hadi leo msafiri wa kutoka Dar es Salaam kwenda Afrika Magharibi anaweza kuzungushwa Dubai au Istanbul. Safari hiyo ni kaboni isiyo na faida kwa yeyote isipokuwa anayeuza tiketi ya mzunguko, na inachomwa kwa mafuta ambayo, kwa hesabu za IATA, barani Afrika ni ghali kwa asilimia 17 kuliko wastani wa dunia. Hapa hatuhitaji ruhusa ya Brussels wala Montreal. Mawaziri wetu wanahitaji kuacha kulinda mashirika ya taifa kwa kunyimana haki za kutua.

Na pale ambapo malipo hayaepukiki, yaelekezwe kwa anayeruka zaidi. Kenya inaongoza pamoja na Ufaransa na Barbados kikosi kazi cha tozo za mshikamano, yaani tozo za kuchangia maendeleo na tabianchi, na huko Seville, Hispania, katikati ya 2025 ilikuwa miongoni mwa nchi zilizounda umoja wa kutaka tozo kwa abiria wa madaraja ya juu na ndege binafsi. IATA inapinga, ikisema CORSIA inatosha na tozo nyingine ni mzigo. Kwa abiria wa daraja la kawaida nakubaliana nao. Kwa anayekodi ndege nzima kwa ajili ya watu wanne, sioni hoja.

Mashirika ya ndege yana hadi 31 Januari 2028 kukamilisha krediti za awamu ya kwanza, ile ya 2024 hadi 2026. Kabla ya siku hiyo wanunuzi watapanda ngazi za wizara Dodoma, Nairobi, Kampala na Kigali, kila mji kwa wakati wake, wakiuliza bei na wakitaja aliyowapa jirani. Huo ndio muda wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kukubaliana bei ya chini ambayo hakuna mwanachama atakayeivunja, sehemu ya tani zitakazobaki nyumbani bila kuuzwa, na fungu litakalotengwa kwa ajili ya mtambo wa kusafishia Changamwe, ili mafuta ya mbarika ya Makueni na ya karai la Kariakoo yaingie kwenye tangi la ndege hapahapa.